Sinia Moja, Vikombe Mia Mbili

Hotuba niliyoitoa Jumamosi mbele ya vijana wapiga picha, ukumbini Tononoka, Mombasa. Mlioikosa mmeniomba, nami nimeiandika kama nilivyoisema.

Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, na nyinyi wanangu mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, assalamu alaikum. Na wasio wa salamu hiyo, hamjambo? Ahsanteni kwa kuja na joto hili.

Nimeitwa kujibu swali moja. Naulizwa Marikiti nikinunua bizari, naulizwa ndani ya feri, naulizwa hata matangani: "Mama, ninunue simu gani ya kupigia picha? Au ninunue kamera?" Leo nitalijibu. Lakini kabla sijalijibu, nami nina maswali yangu, na nitayarudia hadi myachoke. Wampiga picha nani? Wampigia wapi? Na mwanga watoka wapi?

Nianze na kikapu.

Usiku wa kupamba mwaujua. Bibi harusi yuko jukwaani na hina yake na piko lake, vigelegele vyapasua dari, na pale mlangoni wamekaa kina mama wawili wakali wenye kikapu. Kila mgeni anayeingia huweka simu yake humo na kupewa kijikaratasi cha namba. Sababu haina haja ya kuelezwa. Ndani wanawake wamevua mabuibui, na picha moja ikichopoka humo, kabla ya alfajiri imefika Dubai na Muscat. Basi mimi hupita pale na kamera yangu kubwa, begani na lenzi tatu, na wale mama wananikaribisha kwa jina. Mwaka wa 20 huu. Kwani kamera yangu haipigi picha? Yapiga, tena kali kuliko simu zote zilizolala kikapuni.

Mbona basi yaruhusiwa? Kwa sababu picha ikishaingia kwenye kadi yake haina pa kwenda. Haina laini ya simu. Wifi yake nimeizima tangu siku niliyoinunua. Haipeleki kitu popote mpaka mimi niitoe kadi kwa mkono wangu. Simu si hivyo, hata mwenyewe awe mwaminifu namna gani. Dada mmoja, mtu mwema kabisa, alipitisha simu ndani ya mkoba akapiga picha moja tu ya bibi harusi, ya kumbukumbu yake. Simu ilikuwa imewekwa ipandishe kila picha kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hifadhi hiyo ilikuwa imeunganishwa na televisheni ya sebuleni kwake. Picha ikatokea kule nyumbani, kubwa, mbele ya shemeji zake waliokuwa wakitazama mpira. Hakukusudia, na alilia sana. Ndoa zao zote mbili, yake na ya yule bwana harusi mpya, zilipita mtihani usio na lazima.

Mabinti mnaotaka kuingia kazi hii, nawaambieni: watu hawawalipi kwa ukali wa picha peke yake. Wanawalipa kwa kuwatunzia siri. Chombo chenu kiwe kinajua kutunza siri.

Sasa namba, maana namba ndizo zinazowauzia. Ukienda dukani na pesa nyingi, utawekewa mbele simu kama hizi tatu za mwaka 2024 na 2025. Galaxy S25 Ultra ya Samsung, kamera yake kuu ina megapikseli 200, yaani pikseli milioni 200, vitone vya kupokea mwanga. Pixel 9 Pro ya Google, megapikseli 50. iPhone 16 Pro, megapikseli 48. Muuzaji atakuambia mia mbili ni mara nne ya hamsini. Hesabu hiyo ni sahihi. Lakini je, picha yako itakuwa bora mara nne?

Chukueni sinia la muuza kahawa. Lipangeni vikombe 48 vya kawaida, liwekeni uani mvua ikinyesha. Sasa chukueni sinia jingine, ukubwa ule ule, lipangeni vikombe 200 vidogo vidogo kama ukucha. Mvua ni ile ile. Sinia ni lile lile. Maji yatakayoingia ni yale yale! Tofauti ni kwamba kule kila kikombe kina maji ya kutosha kuyapima, na huku kila kikombe kina tone.

Mvua ni mwanga. Vikombe ni pikseli. Sinia ni kile kipande kilicho nyuma ya lenzi kinachoupokea mwanga, mafundi wakiita sensa. Na katika simu zote tatu nilizotaja, sensa ya kamera kuu ina ukubwa unaokaribiana mno: upana kama milimita 10, kimo kama milimita 7. Samsung wenyewe wanalijua hili, ndiyo maana simu yao kwa kawaida haikupi zile 200. Hujumlisha pikseli 16 kuwa moja, ikakupa picha ya megapikseli 12. Vikombe 16 vinamiminwa ndani ya kimoja ili kipatikane cha kunywa.

Sasa sinia la kamera. Kamera ya sensa kamili, ile inayofuata kipimo cha filamu ya zamani, ina milimita 36 kwa 24. Ukipiga hesabu, ni kama masinia 12 ya simu yaliyopangwa pamoja. Hata kamera ndogo ya kuanzia, yenye sensa ya aina ya APS-C, ni karibu masinia 5. Mvua ikiwa kubwa, yaani mchana kweupe pale ufukweni Mama Ngina, hutaona tofauti kubwa, maana kila chombo kimejaa. Mvua ikiwa ya manyunyu, yaani ukumbini usiku taa zimepunguzwa, bibi harusi anaingia, hapo ndipo mwenye sinia kubwa anapojulikana.

Na megapikseli zatosha ngapi? Picha ya kuchapishwa ukubwa wa A4, kwa ubora wa kutundikwa ukutani, yataka kama megapikseli 9. Hizo ulizo nazo katika simu ya miaka kumi iliyopita. Tena picha nyingi mnatumiana kwa WhatsApp, ambayo ukituma kwa njia ya kawaida huikamua picha hadi ibaki sehemu ndogo tu ya ilivyokuwa. Mteja akikulipa, mtumie kama faili, au mpelekee kwenye flashi diski. Msiumize watu kwa kazi nzuri iliyokamuliwa.

Lakini nisiwe mtu wa kuisema simu vibaya. Nitawapa kisa nilichoshindwa mimi.

Niliwapeleka wanafunzi wanne Ndia Kuu, Mji wa Kale, kupiga milango ya nakshi. Saa sita mchana, saa mbaya, lakini ndiyo waliyoipata. Uchochoro ule mwaujua: upande mmoja kivuli kizito, upande wa pili ukuta wa chokaa unawaka hadi macho yauma. Nikapima mwanga kwa mlango, ukuta ukawa weupe mtupu. Nikapima kwa ukuta, mlango ukawa shimo, nakshi zote zimezama. Ilibidi niende nazo nyumbani nikae dakika 20 kwenye kompyuta. Binti mmoja, na simu yake ya bei ya kati, alibonyeza mara moja. Mlango ukaonekana, ukuta ukaonekana, na paka aliyelala kizingitini akaonekana hadi masharubu. Alinishinda, na nilimwambia hivyo mbele ya wenzake.

Alinishindaje? Simu yake haikupiga picha moja. Ilipiga kadhaa kwa kufumba na kufumbua, ikazipanga, ikazichanganya. Google walipoleta Night Sight, njia ya kupiga picha gizani, mwaka 2018, simu ikishikwa tu mkononi iliweza kuunganisha hadi picha 15 zikawa moja. Mnaona hila hiyo? Sinia ni dogo, basi litiwe mvuani mara 15! Ni akili kubwa, na ndiyo iliyozika kamera ndogo za mfukoni. Mwaka 2010 dunia ilinunua kamera za dijitali zaidi ya milioni 120. Mwaka 2020 hazikufika milioni 10. Hazikuuawa na sensa bora, kwa sababu simu haikuwa nayo. Ziliuawa na hesabu, na kwa kuwa simu iko mfukoni muda wote.

Ila hila hiyo ina sharti lake: unayempiga atulie. Mlango wa Ndia Kuu umetulia miaka mingi. Mpiga chakacha je, anatulia? Mtoto aliyepewa haluwa anatulia?

Na kuna jambo zito zaidi, ambalo ndilo lililonileta hapa. Sinia likikosa maji, simu hukisia. Narudia: simu hukisia. Inajaza kwa makadirio pale ambapo haikupata mwanga wa kutosha, na inajaza vizuri hadi hujui.

Kijana mmoja alisimama nami pale Lighthouse, meli ya makontena ikiingia bandari ya Kilindini. Bado ilikuwa mbali, jua linatua. Akavuta kwa simu, akavuta, akavuta hadi mwisho, apate jina la meli. Akanionyesha kwa furaha. Herufi zilikuwa nyeusi, kingo safi, kali kama zimechapwa jana. Nikamwambia, nisomee. Akatazama. Akatazama tena. Hazikuwa herufi! Si za Kilatini, si za Kiarabu, si za Kichina. Akili mnemba ndani ya simu ilijua kwamba ubavuni mwa meli huwa na maandishi, basi ikachora kitu kinachofanana na maandishi. Kamera yenye lenzi ndefu ingempa jina, au ingempa ukungu. Ukungu ni jibu la kweli. Maana yake "sikuona". Yale maandishi yalikuwa uongo ulionyooshwa vizuri.

Hili si la kijana yule peke yake. Mwaka 2023 Samsung walieleza wazi kwamba simu zao zikiutambua mwezi angani, akili mnemba huisaidia picha ionyeshe sura yake kwa undani zaidi. Kwa mwezi wa mapambo, sawa. Lakini wewe unayetaka kuwa mwandishi wa habari, unayepiga namba ya gari iliyogonga mtu pale Buxton, unayepiga mpaka wa kiwanja wenye kesi, utaapa kwa picha hiyo?

Na makisio yanayoniuma zaidi ni ya uso.

Nilimpiga picha bibi harusi mmoja wa Kisauni. Mweusi, mweusi wa kung'aa, na shavuni ana alama ya kuzaliwa, alama aliyokuwa nayo bibi yake aliyefariki mwaka ule. Baada ya arusi akanijia na simu ya binamu yake. Akafungua picha, akaniuliza, "Mama, huyu nani?" Simu ilikuwa imemng'arisha. Imemlainisha. Alama ya bibi yake imefutwa, kama iliyofutwa kwa kitambaa. Hakuna aliyeiamuru ifanye hivyo. Ilitoka kiwandani ikijua urembo ni nini, na urembo huo haukuwa yeye. Nilimpa picha za kamera yangu. Aliweka kidole kwenye ile alama, akanyamaza muda mrefu.

Wanangu, mambo haya hayakuanza na simu. Zamani za filamu, maabara zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Ziliitwa kadi za Shirley, na kwa miaka mingi rangi zilisawazishwa kwa ngozi hiyo, sisi tukitoka kama vivuli. Leo kuna waliojirekebisha. Google walileta Real Tone mwaka 2021 na Pixel 6, ili ngozi nyeusi ionekane ilivyo. Tecno, ambao soko lao ni sisi hasa, wameishughulikia ngozi yetu katika simu zao za Camon. Ni vizuri, na niwapongeze. Lakini wewe usimwamini mtu. Ukienda dukani, zima ile sehemu ya urembo, simama mlangoni mwanga ukikujia ubavuni, jipige. Halafu muulize mama yako: huyu ni mwanao?

Na kama mwadhani vifaa ndivyo vinavyotupa uso wetu, tafuteni picha za N. V. Parekh, aliyekuwa na studio hapa hapa Mombasa, akawapiga Waswahili kwa miongo kadhaa katika karne iliyopita. Nyeusi na nyeupe. Hakuna akili mnemba, hakuna megapikseli hata moja. Aliweka taa, akasubiri. Bibi zetu wamo mle na haiba zao zote.

Basi zile simu tatu, nitazilinganisha haraka, kwa sababu najua ndicho mlichojia. Anayepiga video za kazi, nampa iPhone: inarekodi video kali ya 4K hadi fremu 120 kwa sekunde, na video nzito unaweza kuirekodi moja kwa moja kwenye diski ya nje kwa waya. Anayesimama mbali, kwenye mpira au kwenye mashua, nampa Samsung, kwa sababu ina lenzi mbili za kuvuta, mara 3 na mara 5. Anayepiga watu, sura na ngozi, nampa Pixel. Hayo ni maoni yangu baada ya kuzishika zote. Na kwa uaminifu nawaambia, tofauti baina ya simu hizi tatu ni ndogo kuliko tofauti ya kumgeuza mtu aelekee dirisha badala ya kuligeuzia mgongo. Jaribuni leo usiku nyumbani.

Tena mpya si lazima iwe mbele katika kila kitu. Galaxy S23 Ultra ilikuwa na lenzi ya kuvuta mara 10. Iliyofuata, S24 Ultra, lenzi hiyo iliondolewa, ikawekwa ya mara 5 yenye pikseli nyingi zaidi. Aliyeuza ya zamani kwa hasara ili apige ndege wa mbali, alipata alichokitaka? Wazee walishasema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Hapo ndipo niseme habari ya deni, na nitaisema polepole.

Kijana wangu mmoja, hodari, alichukua simu ya bei kali ya kulipia kila siku kidogo kidogo. Akapata kazi ya arusi Likoni. Wiki ile mvua kubwa, kazi haba, malipo ya siku tatu yakampita. Jumamosi, bwana harusi yuko mbele ya kadhi, simu ikajifunga. Kioo cheusi na ujumbe wa kulipa. Akakimbia nje kuomba mkopo kwa rafiki, akalipa, ikafunguka baada ya muda. Nikahi ilikuwa imekwisha. Baba wa bibi harusi hakumtukana, alimtazama tu. Kijana yule hajapiga arusi tena tangu siku hiyo, na alikuwa na jicho kuliko mimi nilipokuwa na umri wake.

Nawasihi, nawasihi sana: chombo cha kazi kisiwe cha mtu mwingine anayeweza kukizima. Galaxy S25 Ultra ilitoka ikiuzwa dola 1,299. Canon R50, kamera ndogo isiyo na kile kioo cha ndani cha kuakisi mwanga, ilitoka mwaka 2023 ikiuzwa dola 799 pamoja na lenzi yake. Nayo ni yale masinia matano. Na hiyo ni mpya. Kamera za mitumba zenye kioo hicho cha ndani, zile DSLR, watu wanaziuza rahisi siku hizi, na lenzi ya milimita 50 yenye tundu pana la f/1.8 ni ya bei nafuu kuliko lenzi karibu zote. Kwa picha za watu ndani ya nyumba, hiyo ndiyo niliyoanzia, na ingali begani mwangu.

Mkinunua kamera hapa Mombasa, jueni adui yake ni hewa yetu. Unyevu wa bahari huotesha kuvu ndani ya lenzi, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, na zikikita mizizi hula kioo cha lenzi. Ihifadhini kwenye kasha lisiloingiza hewa pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu. Mkitoka chumba cha ubaridi kwenda nje, iacheni kwenye begi kwanza mpaka ipate joto. Na wenye simu zisizoingia maji, zile za IP68, kipimo hicho hufanywa kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Bahari ya Nyali ina chumvi.

Jibu langu basi. Kama huna kazi ya picha bado, baki na simu uliyo nayo, usiongeze hata shilingi, jifunze mwanga kwa miezi sita. Kama umeanza kulipwa kwa arusi, nunua kamera ya mitumba kabla ya simu mpya. Kama unapiga video fupi za biashara ya mama ntilie na maduka ya kanga, simu yatosha kabisa, weka pesa kwenye stendi na maikrofoni.

Muda wangu umekwisha na naona mwenyekiti anaangalia saa. Kesho saa kumi na mbili kasorobo asubuhi nitakuwa Mama Ngina, upande wa Lighthouse, kabla jua halijatoka baharini. Nitakuja na kamera mbili na lenzi zangu zote, na kila mmoja atazishika kwa zamu. Wenye simu za laki na wenye simu zilizopasuka kioo, njooni nyote. Tutampiga muuza madafu yule yule, kwa mwanga ule ule, kisha tutaziweka picha zetu kando kwa kando tumuulize yeye ipi ni yeye.